Hawajatimia

Kitengela, jioni

Naserian wangu,

Umeenda kusukwa, na msusi wako ninamjua: akianza kusimulia, mikono inasimama. Kwa hiyo nina muda. Baba yako ametoka kutafuta fundi wa kushona zipu ya lile sanduku, nami nimekaa kwenye meza ya jikoni na chai inapoa. Nimechoka, sitakuficha. Kuna uchovu wa kazi, huo unalala nao na kesho umeisha. Huu wangu ni ule mwingine, ambao nimeuvaa miaka mingi mpaka watu wanadhani ndiyo sura yangu.

Maagizo ya maji ya kunywa, ya joto la Magadi, ya kufunga mlango na kupiga simu ukifika, umeyasikia wiki nzima hadi umeanza kuyamalizia mwenyewe kabla sijafika mwisho. Sitayarudia. Ninachotaka kukuandikia ni habari ya yule ndama uliyemtafuta Jumapili kwa Koko.

Unakumbuka. Tulienda Kajiado ili bibi yako akubariki kabla ya safari. Alikutemea mate ya baraka utosini, akakushika mashavu, akakupa maziwa kwenye kibuyu na ukayanywa bila kukunja uso, jambo ambalo mimi lilinichukua miaka kulizoea. Jioni ng'ombe waliporudi, Koko alisimama langoni na fimbo yake, akawatazama wakiingia mmoja mmoja. Wa mwisho alipoingia, akasema lile neno lake: hawajatimia. Ukavaa gambuti za baba yako, ukawasha tochi ya simu, ukashuka na mchungaji hadi kwenye korongo. Ulirudi sketi imejaa mbigili, ukamwambia, "Koko, wote wako. Hakuna mwenye amepotea." Akacheka mpaka akakohoa, akakupapasa kichwa, akasema ni sawa.

Tukiwa njiani kurudi uliniambia Koko ameanza kusahau, tumpeleke akaonwe na daktari. Nikajifanya ninaangalia malori ya Namanga yasitugonge. Koko hajasahau kitu, Nase. Shida yake ni kwamba hasahau.

Acha nirudi nyuma kidogo.

Nilipoolewa, jambo la kwanza lililonishangaza kwa mama mkwe wangu ni kwamba hahesabu. Hahesabu ng'ombe, hahesabu mbuzi, na ukimuuliza ana watoto wangapi atakuuliza umekunywa chai. Kuhesabu kitu chenye uhai ni kukiita kifo kije kuchukua chake. Na kwetu pia si ajabu. Nyanya yangu kule Gatundu, ukimuuliza ana wajukuu wangapi, alijibu kwamba wanamtosha. Lakini mimi nilikuwa nimesoma, na msichana aliyesoma hesabu huona mambo kama hayo ni ya wazee wasiojua namba. Ilinichukua muda kuona kwamba Koko hahitaji namba. Anawatazama ng'ombe wakiingia kama unavyomtazama mtoto anayeng'oka meno: pengo linajionyesha lenyewe. Mwenye namba atakuambia mmoja hayupo. Koko atakuambia ni yule mwekundu mwenye paji jeupe, na amebaki wapi.

Wakati huo nilikuwa naandika programu za ule ushirika wa mifugo uliokuwa hapa Kitengela, ambao siku hizi ni ghala la vigae. Lugha niliyoiandikia unaijua, maana umenicheka kwa ajili yake tangu uingie chuo. "Mum, hiyo lugha ni ya enzi za dinosaria." Sawa. Lakini hiyo dinosaria ndiyo ililipa karo yako, na ukichungulia nyuma ya mifumo ya hapo unapoenda kufanya kazi usishangae kuikuta bado inapumua. Ni lugha ya biashara: risiti, mishahara, stoo. Haina madoido.

Nilikuwa na programu mbili. Ya kwanza ilikaa langoni. Mtu akileta ng'ombe wake, karani anaingiza namba za hereni zilizo masikioni mwao, na programu inazipanga kwenye safu. Ya pili ilikaa ofisini na kazi yake ilikuwa kuchapisha karatasi ya mwenye mali: ng'ombe hawa ni wa fulani, wamepokelewa leo. Ya kwanza ikimaliza, inaiita ya pili na kuipitishia safu.

Nyinyi mmezoea safu inayojibeba na idadi yake, ukiiuliza ina vitu vingapi inakujibu. Yetu haikuwa na adabu hiyo. Chukulia trei ya mayai. Nikikupa trei gizani, unajua ina nafasi za trei, lakini hujui nimeweka mayai mangapi. Ni lazima nikuambie kwa mdomo. Na kwetu sisi hata trei yenyewe haikupi nakala yake; ile programu ya kwanza haimpi mwenzake trei nyingine inayofanana, inamwonyesha tu kwa kidole kwamba trei ile pale, anzia hapo. Anayeonyeshwa ndiye anayejua atasimama wapi. Kwa hiyo desturi ya kazi ni kupitisha vitu viwili pamoja: safu, na idadi ya vilivyomo.

Nilifanya hivyo mwanzoni. Kwenye skrini ya langoni nikaweka mahali pa karani kuandika idadi ya ng'ombe, na baada ya wiki nikaona panabaki patupu kila siku. Nikamwendea. Karani alikuwa kijana wa Bissil, mtaratibu sana, akaniambia bila kuniangalia usoni: "Mama Naserian, hapo sitaweza. Mzee anasimama mbele yangu na ng'ombe wake, mimi nimuulize ni wangapi? Ama niwahesabu yeye akiniona? Toa hicho kitu."

Nikakitoa. Nilijisikia vizuri sana siku hiyo, Nase. Nilijiona mke wa watu anayeheshimu mila za watu, na fundi mwerevu juu yake. Nikaiambia programu ya pili isome safu kutoka mwanzo na isimame itakapokuta nafasi tupu. Namba ya nini? Utupu wenyewe utasema mwisho uko wapi. Hata nilimsimulia Koko, na alipoelewa alisema mashine yangu imepata akili. Sifa hiyo niliitembeza hadi kwa majirani.

Labda umeshaona kosa. Ulilisomea, na mimi nilikuwa nimelisomea pia.

Halafu ukaja ule ukame. Ulikuwa darasa la tatu, utakumbuka vumbi na mizoga kando ya barabara ya Isinya. Watu walikuwa wakileta wachache wachache, wale waliobaki na nguvu ya kutembea. Baba yako mdogo Lemayian hakungoja. Alikuwa kijana mwenye mifugo iliyostawi kuliko ya wenzake, na aliamua kuuza wengi kwa mara moja kabla hawajalala chini. Akawaswaga hadi Kitengela kwa miguu. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza tangu niandike ile programu, trei ilijaa. Hakukuwa na nafasi tupu.

Programu ya pili ikasoma hadi mwisho wa safu, haikuona utupu, ikaendelea. Ikavuka ukingo ikaingia kwenye kumbukumbu ya mashine isiyo yake, na pale kando nilikuwa nimehifadhi safu ya mtu aliyetangulia. Aliyetangulia alikuwa Mzee Tipape, jirani wa Koko. Ng'ombe wake wachache wakasomwa na wao, mpaka ikakuta tupu ikasimama. Karatasi ikatoka, imepangika, haina doa, ikisema hawa wote ni wa Lemayian. Lemayian akaikunja akaitia mfukoni. Nani husoma orodha ya namba?

Aliyesoma ni mtoto wa Tipape, aliyekuwa na kidato cha nne. Baadhi ya ng'ombe wa baba yake walikufa kwenye zizi la ushirika kabla ya kuuzwa, familia ikataka kuonyeshwa mizoga, na katika kufuatilia akaona hereni za baba yake kwenye karatasi ya Lemayian. Huhitaji nikueleze neno mwizi wa ng'ombe lina uzito gani kule nyumbani. Hata nzi wakitua juu yako watu wanaanza kuuliza wametoka wapi.

Kikao kilikaa kwenye ukumbi wa chifu. Wazee mbele, Lemayian amesimama pembeni na shuka lake begani, Koko na kina mama kwenye benchi la nyuma. Baba yako aliomba niruhusiwe kueleza, na nikaruhusiwa. Nilisema kila kitu kama nilivyokueleza wewe, pamoja na trei ya mayai. Sikukwepa, nilisema kosa ni langu na Lemayian hajui lolote. Nilidhani ukweli ukishasemwa kazi imekwisha.

Walinisikiliza vizuri, wazee wa kule wanajua kusikiliza. Halafu mmoja wao, mtu mpole, akauliza kwa upole kabisa: "Mama, hii mashine yako imepokea watu wengi. Mbona ikuje ikosee kwa shemeji yako peke yake?"

Swali lilikuwa zuri. Jibu nilikuwa nalo, tena la kweli, na lilikuwa limenijaa mdomoni. Mashine ilikosea kwake peke yake kwa sababu yeye peke yake ndiye aliyejaza safu. Na ili wasinione ninamfunika mtu wa nyumbani, nikaitaja idadi. Nilisema, kwa sauti ya mwalimu wa hesabu, mbele ya ukoo mzima na mbele ya mama yake, Lemayian alileta ng'ombe wangapi.

Sitaiandika hiyo namba hapa. Niliitamka mara moja, inatosha.

Nilidhani wameelewa. Na kweli walikuwa wameelewa, maana yule mzee aliitikia kwa kichwa na kesi ikaisha hapo hapo, Lemayian akaambiwa hana hatia. Nilipogeuka ndipo nilipomwona Lemayian. Alikuwa ameinama, kama mtu aliyevuliwa nguo. Kina mama nyuma walikuwa wametazama sakafu. Koko peke yake ndiye aliyekuwa ananitazama, na hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

Unaona nilichofanya. Kwenye mashine, mahali palipohitaji namba, nilikataa namba kwa heshima. Ukumbini, mahali ambapo heshima ilihitajika, nikatoa namba. Ningeweza kumwita yule mzee pembeni nikamnong'oneza. Ningeweza kusema tu kwamba alileta wengi kuliko wote, ingetosha, wale si watoto. Lakini nilikuwa nimeulizwa swali na nilikuwa na jibu sahihi, na mimi nikishakuwa na jibu sahihi huwa sioni kingine. Umelirithi hilo kidogo. Baba yako analiona na anacheka, mimi linaninyima usingizi.

Ng'ombe waliobaki nyumbani kwa Lemayian walikufa wote kabla mvua haijarudi. Ng'ombe wa kila mtu walikufa mwaka ule. Hilo nimejiambia mara nyingi kuliko ninavyoweza kusema, na ni kweli, na halijawahi kunisaidia. Siku moja Lemayian akaondoka kwenda Magadi, akapata kazi kwenye mitambo ya magadi, akapewa nyumba ya kampuni. Sisi tulikuambia ameenda kutafuta maisha. Hakugombana na mtu. Hela ya dawa za mama yake anatuma. Yeye mwenyewe hajawahi kukanyaga tena kwenye lile boma.

Nilimfuata mara moja. Nilipanda gari hadi kule, jasho likanitiririka hadi kwenye viatu, nikamkuta mlangoni kwake. Alinipa kiti, akaninunulia soda baridi, akaniuliza habari za kila mtu hadi za kuku. Nilipoanza kuomba msamaha akanizuia kwa mkono. "Mama Nase, wewe ulinitoa kwa kesi. Nakushukuru. Lakini nikienda nyumbani, kila mtu akiniona anaona ile namba." Nikanywa soda yangu nikarudi.

Ndiyo sababu ulipopata kazi huko, na baba yako akaanza kuulizia chumba cha kupanga, nilitoka sebuleni. Sikutaka kusikia jina lake likitajwa au lisipotajwa. Halafu simu ikalia na ilikuwa yeye. Habari zilikuwa zimemfikia, sijui kwa njia gani. Baba yako aliweka sauti ya wazi, na nilikuwa hapa hapa jikoni nimeshika kisu na kitunguu. Lemayian alisema, "Mtoto wetu atapanga kwa watu aje na mimi niko? Mleteni." Basi. Nililia, na kwa bahati nilikuwa na kitunguu cha kusingizia.

Mwanangu, nilipoanza barua hii nilitaka ukampelekee maneno yangu. Nilikuwa nimeyapanga vizuri. Nimeyaacha. Huendi kwa baba yako mdogo kama bahasha, unaenda kama mtoto wake. Mimi mtu akinikabidhi kitu nimezoea kuuliza ni nakala au ni chenyewe, maana nakala ukiiharibu mwenyewe bado anacho chake. Yeye tunamkabidhi wewe mwenyewe. Hatuna nyingine tuliyobaki nayo. Atakubadilisha, kwa namna nitakayoipenda na kwa namna ambayo labda sitaipenda, na utakaporudi hutakuwa yule anayesukwa sasa hivi. Ninaogopa, lakini naona ni haki. Mimi nilimtoa yeye kwao, na yeye anampokea wangu.

Nikiwa mkweli kabisa, kitu kinachonifanya niandike hadi mkono unauma ni Koko. Yule mama amezeeka. Uliona alivyoegemea fimbo. Sitaki siku Lemayian atakapoingia boma lile aingie kwa ajili ya mazishi. Nimejaribu kila njia ya mtu mzima na nimeshindwa, na baba yako amejaribu za kwake.

Kwa hiyo nakuomba kitu kimoja. Utakapofika mwinamishie kichwa, kama mtoto wa nyumbani, usimpe mkono kama mtu wa ofisini. Ngoja mpaka aweke kiganja chake kichwani mwako. Kisha mketi, mnywe chai. Atakuuliza mama yake anaendeleaje, lazima atauliza. Usianze na presha, wala magoti, wala daktari. Mweleze ulivyovaa gambuti ukaenda kutafuta ndama. Mweleze kwamba ulipotazama ukakuta wote wako, na Koko akacheka. Mwambie kila jioni, tangu aondoke, ng'ombe wote wakishaingia na mchungaji ameshika miti ya kufunga lango, mama yake husimama kidogo akitazama njia, halafu anasema hawajatimia.

Usimfafanulie. Mimi nilidhani miaka mingi anasema ng'ombe, na niliishi naye. Lemayian atajua mara moja, kwa sababu alikua akilisikia neno hilo na yeye ndiye aliyekuwa akitumwa kwenda kumtafuta aliyebaki nyuma. Hakuna namba ndani yake. Mama yake hakumhesabu hata siku moja.

Akinyamaza, mwache. Akibadilisha mazungumzo, mfuate kule anakoenda. Usimpangie tarehe ya kurudi, na usinipigie simu kunieleza alivyosema. Nitajua siku Koko atakapofunga lango bila kusema kitu.

Nasikia geti. Nadhani ni wewe, maana fundi wa zipu hawezi kuwa anaimba. Nitakwambia umependeza, utaniambia msusi amekukaza sana, na tutaanza tena habari ya maji ya kunywa. Barua hii nitaiweka kwenye mkoba wako, chini ya leso, uikute njiani kabla hujafika kwake.

Kesho jioni baba yako atafunga milango kama kawaida yake, na ataniuliza kutoka sebuleni kama watu wote wako ndani. Nitamjibu kwa neno la mama yake.

Mama yako